Nani Atamzika Nani

Knjaževac, 4 Machi 2002

Shemeji Miloje,

Umbea wako umefika. Nimeambiwa huko Niš unawachekesha watu kwamba mjane wa ndugu yako amepata wazimu, kila asubuhi yuko ukingoni mwa mto Timok anakwenda mbio mbio na raba za kitoto za rangi ya waridi. Raba ni za mjukuu wangu Ivana, alizisahau hapa kiangazi kilichopita, na zinanitosha. Wazimu sina. Sababu ninayo, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa kuwa sababu yenyewe ni wewe.

Unaikumbuka arobaini ya ndugu yako Radisav? Miaka kumi sasa. Watu wamekula, marehemu kamwagiwa tone lake la pombe chini, wewe ukasimama kama mkubwa wa ukoo ukasema: "Draginja atalala pale jina lake lilipochongwa." Hakuna aliyeniuliza. Jiwe lilikuwa tayari, jeusi, linang'aa, sura yake upande mmoja na yangu upande wa pili, na chini yangu "1931–19", fundi kaacha nafasi ya tarakimu mbili tu. Ndivyo tunavyofanya huku, mume akifa na mke anachongwa papo hapo ili fundi asiitwe mara mbili. Huyu wetu aliona mshona viatu wa kiwandani kama mimi hawezi kuivuka karne. Nimeivuka, na pale makaburini nimekuwa kichekesho.

Sasa nisikilize vizuri. Sitalala kando ya Radisav tena. Nililala kando yake miaka thelathini na mitano, na mkono wangu wa kushoto haunyooki hadi leo. Hilo unalijua, maana ni wewe uliyenipeleka kwa mganga wa mifupa ukamwambia nimeteleza kwenye ngazi za stoo. Nataka nizikwe kwetu Jasenov Dol, ubavuni mwa mama yangu, na nafasi ipo. Shida ni kwamba maiti hajibebi. Hubebwa na waliobaki, na wewe ukiwa hai ukoo mzima utakusikiliza wewe. Ukitangulia, mwenye neno atakuwa binti yangu Zorica, naye hatanikatalia.

Ndiyo maana natembea. Wewe una miaka sabini na tatu na unafuka moshi kama treni zako. Mimi nina sabini na moja na sivuti. Tutaona nani atamzika nani.

Draginja


Niš, 15 Machi 2002

Shemeji yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Katika kazi yangu ya reli nimeona watu wakikimbilia treni, wakikimbia wake zao, wakikimbia jeshi. Anayemkimbia marehemu sijapata kumwona. Hiyo ni talaka ya kaburini, shemeji, na hakuna padri wa kuitoa.

Radisav alikuwa na mkono mwepesi, sikatai. Lakini mshahara aliuleta nyumbani, na binti alimsomesha. Enzi zile nani hakupigana na mkewe? Mambo ya chumbani hubaki chumbani. Jiwe lile nilikwenda kulichagua mimi mwenyewe. Ukihamishwa pale watu watauliza kwa nini, na jina litakalochafuka ni la baba yetu, aliyekupokea kwake kama binti.

Kwa kuwa umetangaza vita, nakujulisha kwamba sigara nimeacha juzi. Kila asubuhi nashika ukingo wa roshani, nachuchumaa na kuinuka, nachuchumaa na kuinuka, mpaka jirani wa ng'ambo kaniuliza kama nimeangusha kitu. Kisha natembea hadi ngomeni na kurudi. Baba yetu alifika miaka tisini na moja akiwa na meno yake. Funga vizuri kamba za hizo raba.

Shemeji yako,
Miloje


Linz, 20 Mei 2002

Mama mpenzi,

Jirani yako Bi Leposava kanipasha kwenye simu: ati kila asubuhi unamgongea dirisha mnakwenda kutembea, inyeshe isinyeshe. Mama! Si wewe uliyesema kwamba aliyezeeka kwenye mashine za kiwanda ana haki ya kukaa chini mpaka Mungu amwite? Hapa kazini nimemtangazia kila mtu. Wenzangu wanawabembeleza wazazi wao hata watoke kitandani.

Nimekutumia viatu vya kutembelea. Tafadhali usiviweke kabatini kungojea mazishi ya mtu. Vivae.

Sababu naijua hata usiponiambia. Unataka kumwona Ivana akiolewa. Baba hakujaliwa, kwa hiyo wewe unaishi kwa niaba yenu wawili. Nikiwaza hilo machozi yananitoka hapa jikoni, na mume wangu anauliza nani kafa. Agosti tunakuja, tutakwenda kwa Baba sote pamoja.

Wako,
Zorica


Knjaževac, 9 Juni 2002

Mwanangu Zorica,

Viatu vimefika. Vinabana kidogo kidoleni lakini vitalegea. Nimevivaa, hata wakwe wa Leposava wamevisifu, nao si watu wa kusifu kitu.

Hapa tumekuwa watu maarufu. Wiki iliyopita alitujia binti wa kituo cha afya, anachunguza nini kinawasukuma wastaafu kufanya mazoezi kila siku. Alitukuta kwenye benchi la mtoni tunahema. Akatusomea majibu tuchague: ushauri wa daktari, kupata marafiki, hofu ya maradhi, furaha. Leposava akamwambia, "Mwanangu, weka redio." Binti akashangaa. "Mume wangu anafungua redio saa kumi na mbili asubuhi, sauti ya kuamsha viziwi. Nikibaki ndani nitamuua, nao jela sijui kama wana mahali pa kutembea." Binti akasema redio haimo. "Basi weka furaha," akasema Leposava, "maana nikishatoka nafurahi kweli."

Mimi nilisema daktari. Na ndivyo ilivyo, ni presha tu, usiwe na wasiwasi. Kwa baba yako tutakwenda mkija.

Akubusuye,
Mama


Knjaževac, 2 Septemba 2002

Shemeji Miloje,

Naona u hai bado. Mimi pia.

Zorica alikuja na familia yake, wamekwisha ondoka. Nakuandikia kwa sababu jambo hili sina mwingine wa kumwambia, na kwamba huyo mtu ni wewe ni adhabu juu ya adhabu. Siku ya tatu alinipeleka makaburini. Njia nzima anatabasamu. Tulipofika akaniambia, "Funga macho, Mama." Nilipofumbua, ile "19" chini ya sura yangu haipo. Kamwita fundi kimyakimya, wameijaza kwa unga wa jiwe na kuchonga "20" juu yake, na herufi zote zimepakwa dhahabu upya, zangu na za Radisav. "Sasa umepewa karne nzima, Mama!" Akanikumbatia. Alitaka nifurahi, nikafurahi kwa mdomo.

Ivana akachomeka mshumaa mmoja kwa babu yake na mmoja mbele ya sura yangu. Mimi nimesimama hapo hapo na bakuli la ngano ya kuchemsha ya kuwaombea marehemu mkononi, na mtoto ananiwashia mshumaa wa wafu kwa adabu kabisa. Kwake sote wawili ni wa pale.

Nilitaka kusema, Miloje. Neno lilikuwa ulimini. Lakini nilimwona mwanangu anamfuta baba yake uso kwa skafu yake ya shingoni, anamwambia Ivana, "Babu yako hakuwahi hata kuniinulia sauti." Na ni kweli, yeye hakumwinulia. Tulirudi nyumbani tukala pilipili za kuokwa, wakanisifia mapigo ya moyo wangu.

Usicheke.

Draginja


Niš, 11 Novemba 2002

Shemeji,

Sikucheka.

Ila ukweli nitakwambia, maana baina yetu hakuna tena cha kustahiana. Unatembea bure. Tuseme nimekufa kesho, na wewe ukafuata. Zorica anakuja na basi la kutoka Linz, amevimba macho, anakuta mama yake ana kaburi, ana jiwe, ana sura yake juu ya jiwe, na dhahabu amelipia mwenyewe. Atakupeleka wapi? Jasenov Dol, kwenye miiba na mbuzi? Hujamwambia kitu! Mimi najipinda magoti kila asubuhi kushindana na mtu asiyefungua mdomo wake. Ningekuwa wewe ningetembea kidogo na kusema zaidi.

Kuna jambo lingine. Wamenipiga picha ya kifua. Daktari ni kijana, anaitazama ile picha badala ya kunitazama mimi, kwa hiyo nimeelewa. Ati niendelee na mazoezi, yanasaidia. Nikamuuliza yanasaidia nini, akasema hamu ya kula.

Furahi basi, haki yako.

Miloje


Knjaževac, 1 Desemba 2002

Shemeji,

Nilifurahi. Sitakudanganya. Nilipofika pale kwenye kifua nilipiga kofi mezani kama mtu aliyeshinda karata. Kisha nikapika supu ya maharage, nikakaa mbele yake, haikushuka.

Kwa nini isishuke sijui. Labda kwa sababu watu wanaoujua mkono wangu uliumia vipi walikuwa wanne, na ukiondoka wewe nabaki mimi peke yangu. Mkeo yuko chini, mume wangu yuko chini, na mashahidi hawazaliwi tena. Nitakapomwambia Zorica, nani atasema "ni kweli"?

Kwa hiyo nakuomba, na sijakuomba kitu tangu siku ya ngazi za stoo. Lile neno ulilolisema mezani liondoe. Mwite Zorica kwenye simu, au waambie watu wakija kukuona: Draginja na apelekwe kwa mama yake, mimi mkubwa wa ukoo nimeridhia. Sababu usiitaje, sema tu umeridhia. Ukifanya hivyo hizi raba nazitupa mtoni na wewe ufe kwa wakati wako bila mtu wa kukuhesabia pumzi.

Draginja


Niš, 20 Januari 2003

Shemeji,

Utaniwia radhi kwa mwandiko, naandika nimelala.

Nimelifikiria mpaka nimechoka. Siwezi. Nikisema nimeridhia wataniuliza kwa nini nimegeuka, na mtu anayekufa haulizwi mara moja, anaulizwa na kila anayeingia na machungwa. Siku moja nitajibu. Nikijibu, yatatoka yote, mganga wa mifupa na ngazi, na kwamba sikuwa kwenye treni usiku ule kama nilivyosema, nilikuwa chumba cha pili nakula. Wewe umepoteza mkono. Mimi sitaki kwenda kwa ndugu yangu nikiwa nimemwaga siri zake huku nyuma.

Wewe endelea kutembea. Unaona, umekwisha shinda. Yaliyobaki ni yako na binti yako.

Niliteremka leo hadi mlango wa chini na kupanda tena. Ndiyo mazoezi yangu.

Miloje


Knjaževac, 14 Mei 2003

Mwanangu Zorica,

Najua ulishindwa kupata ruhusa kazini, baba yako mkubwa hana kinyongo tena. Tumemzika Miloje kwa heshima zote. Kutoka kanisani hadi kaburini ni kilima, wenzangu walipanda magari, mimi nilikwenda kwa miguu nyuma ya jeneza mpaka mwisho. Watu waliniangalia. Wakasema, mwoneni Draginja, mguu wa msichana. Nilimtupia udongo wake.

Sasa nikae nikuambie nilichokuwa nasubiri kukuambia. Presha sina, mwanangu, sijawahi kuwa nayo. Hakuna daktari aliyeniambia nitembee. Nilitembea ili nimzidi Miloje umri, kwa sababu Miloje aliapa mbele ya ukoo kwamba nitazikwa kando ya baba yako, na mimi sitaki kuzikwa kando ya baba yako. Alikuwa akinipiga. Si mara moja, na si kwa pombe peke yake. Mkono huu ambao wewe umezoea kuuona umekunjwa, uliokuwa ukiutania kwamba ni mpini wa birika, yeye ndiye aliyeuvunja, na ulipoungwa akauvunja tena. Nilikuficha. Wewe alikupenda, na sikutaka kukuvunjia hicho nacho. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimelia vya kutosha.

Nakuomba kitu kimoja tu. Siku yangu ikifika unipeleke Jasenov Dol, uniweke kwa bibi yako. Lile jiwe na libaki na sura yangu, halinisumbui, mradi chini yake nisiwemo. Sasa hakuna mtu juu yako wa kukuzuia.

Andika upesi.

Mama


Linz, 22 Juni 2003

Mama,

Samahani nimechelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Nilijua. Nilikuwa na miaka saba, ukuta ule ni mwembamba, wa matofali ya upande, unasikia mtu akikohoa. Nilikuwa naweka mto kichwani na kuimba kimoyomoyo mpaka kuishe. Asubuhi Baba ananisuka nywele, wewe unakoroga maziwa kwa mkono mmoja, na hakuna anayesema kitu, kwa hiyo na mimi sikusema. Nilidhani ndivyo mnavyotaka. Usifikiri nakuita mwongo.

Lakini Mama, unachoniomba siwezi kukupa. Wanangu nimewaambia wana babu mzuri. Nimewajengea kijiji kizima huko kwenye hadithi, na yeye amekaa katikati yake anawasubiri. Hapa ugenini hicho ndicho nilichonacho cha kuwapa. Nikikupeleka Jasenov Dol, Ivana atauliza kwa nini Bibi hayuko kwenye jiwe lake. Ana miaka kumi na tano, hatakubali jibu la kitoto. Nitamwambia nini? Na nikishamwambia, mimi nitakuwa mtoto wa nani?

Nakuja nyumbani mara moja kwa mwaka. Nataka mahali pamoja pa kuwasha mishumaa, mkiwa wawili. Nisamehe kwa nitakalolisema: wewe ukishakufa hutajua umelala wapi. Mimi nitajua. Wewe uliweza kuvumilia maisha yote, basi na hili.

Tusiandikiane tena jambo hili. Endelea na mazoezi yako, Mama, yanakufaa, kila mtu anasema. Uishi miaka mingi, mingi sana, tusilazimike hata kulifikiria. Agosti tunakuja. Nikuletee viatu vingine?

Zorica


Knjaževac, 5 Julai 2003

Mwanangu Zorica,

Viatu usilete.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka kwenye droo ya vijiko, nikaenda kumwagilia nyanya. Sikukasirika kama ulivyoogopa. Kilichoniuma si kukataa kwako. Kilichoniuma ni ule mto. Nilikuwa nikiuma kitambaa nisitoe sauti, na mwenyewe nikijisifu kwamba mtoto hasikii, mtoto analala. Kumbe tulikuwa wawili tunanyamaza, mmoja kila upande wa ukuta, na tumeendelea hivyo hadi uzee.

Unasema niendelee na mazoezi. Nimelifikiri hilo. Yule binti wa kituo cha afya alirudi wiki hii, anataka kujua nani kaacha na nani anaendelea, na nini kinamfanya aendelee. Mimi nilitembea kwa sababu palikuwa na mtu wa kumpita. Nilimpita, na ng'ambo yake nimekukuta wewe. Nikitaka sasa kuzikwa ninapotaka, sharti nikuzike wewe kwanza, mwanangu wa pekee. Njia nyingine hukuniachia.

Mama hafanyi mazoezi ya namna hiyo.

Leo asubuhi Leposava aligonga dirisha. Nilimwambia aende tu.

Mama yako,
Draginja